Nywele za Kisogoni

Diploma yangu ya uendeshaji wa hoteli imetundikwa mapokezi, juu ya kaunta, mahali ambapo mgeni anayeinua macho baada ya kusaini lazima aione. Niliipata Johannesburg nikisoma jioni, baada ya kutwa nzima ya kufua na kupiga pasi shuka za hoteli ya watu. Leo shuka ni zangu. Nyumba ya wageni niliyoijenga Nyegezi, Mwanza, karibu na stendi ya mabasi, ina maji ya moto asubuhi na jioni, na hakuna mtu aliyenipa hata tofali moja. Naanza na hayo kwa sababu watu wa kwetu walipoona vitone vyeupe kisogoni kwangu walitaka kuyaeleza mafanikio haya kwa namna nyingine kabisa. Ilibidi niwaeleze ukweli nikiwa nimekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa nusu, siku ya kumaliza matanga ya mama yangu.

Ukweli wenyewe unaanzia kwenye nywele. Nilipokuwa darasa la tatu nilishikwa na mapunye, kama nusu ya darasa letu, kwa sababu tulikuwa tukibadilishana vitana na kofia. Mama alinipaka mafuta ya taa na limao mpaka nikalia, na haikusaidia kitu. Dawa ya zahanati ndiyo iliyosaidia, na nywele zikarudi. Nilipomaliza sekondari niliugua homa ya matumbo. Nilipona vizuri, lakini baada ya kupona, wakati nimeshasahau hata kitanda cha hospitali, nywele zikaanza kutoka kwa mafungu kila nilipochana. Majirani walisema nimelogwa. Mama akasema tusubiri. Tulisubiri, zikarudi tena, nyingi kuliko mwanzo. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba nywele zangu ni za kuondoka na kurudi, na kwamba hakuna haja ya kuhangaika nazo.

Johannesburg ndiko nilikokosea hesabu hiyo. Nilianzia chumba cha kufulia, lakini mtu mwenye bidii haonekani akiwa nyuma ya mashine za kufulia, nami nilitaka kuonekana. Nilijifunza Kiingereza chao, nikajifunza kompyuta, nikapandishwa mapokezi. Mapokezi yalitaka kichwa nadhifu. Nikaanza kusuka rasta ndefu, nyembamba, zilizovutwa hadi nyusi zikapanda. Usiku wa kwanza baada ya kusuka nilikuwa nikimeza dawa ya maumivu ndipo nilale. Vipele vidogo vilitoka kwenye ukingo wa nywele, navyo nikavipaka mafuta. Nikifumua rasta, naweka dawa ya kulainisha nywele, kisha nashonea wiving. Wiving ikinichosha, navaa wigi la kubandika kwa gundi. Niliishi hivyo miaka mingi na wageni wa hoteli walinisifu. Nywele za mbele zilikuwa zikirudi nyuma taratibu kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuziona zikiondoka.

Aliyeziona ni Shangazi. Shangazi huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, mama wa maneno makali na mikono myepesi, na katika ukoo wetu ndiye anayenyoa watu msibani. Nilikwenda nyumbani likizo, ng'ambo ya kivuko cha Busisi, kijijini kwetu kwenye majaruba ya mpunga. Nilikuwa nimevua wigi kwa sababu ya joto. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mzee wa kanisa."

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele uani wakacheka mpaka nyungo zikatulia. Shangazi akaweka kidole juu ya sikio langu, akakipandisha kichwani mpaka mahali nywele zilipoanzia, akasema, "Hata yule mzee anayesoma matangazo Jumapili, paji lake halijafika huku. Huko mjini mnalala kichwa chini?" Nikacheka nao. Niliporudi Johannesburg, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kutafuta daktari wa ngozi. Mimi si mtu wa kuchekwa mara mbili kwa jambo moja.

Daktari yule alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alipima damu yangu kuona kama madini ya chuma yamepungua na kama tezi ya shingo inafanya kazi yake, kwa sababu vyote viwili vinaweza kumwaga nywele. Akauliza kuhusu homa, uzazi, kupungua uzito, wasiwasi, dawa ninazomeza. Akauliza kama wanaume wa kwetu wana upara. Nikamwambia mdogo wangu wa kiume alianza kung'aa kabla ya kuoa. Akasema huo ni upara wa kurithi, homoni za mwilini huvikondesha vishina vya nywele kidogo kidogo mpaka vinatoa malaika tu, vile vinyweleo laini, na hata wanawake huupata, lakini wao nywele hupungua zaidi utosini. Wangu haukuwa huo. Alikata kipande kidogo sana cha ngozi pembeni mwa paji, kikapelekwa maabara. Jibu likarudi kwamba vishina vimevutwa mpaka vikafa, na mahali pavyo pameota kovu lisiloonekana kwa macho.

Alinieleza tofauti, nami nikaielewa palepale. Nywele zilizotoka baada ya homa ya matumbo zilirudi kwa sababu mzizi ulikuwa hai, umepumzika tu. Za mapunye zilirudi kwa sababu ugonjwa uliwahiwa kabla haujaharibu mzizi. Hizi za mbele mzizi haupo. Ningeweza kupaka mafuta ya nyonyo, maji ya kitunguu, hata ile dawa ya kupaka ya hospitalini inayoamsha nywele dhaifu, na nisingeamsha kitu, kwa sababu hakuna aliyelala. Aliniambia kwamba ningekuja mapema, wakati wa vile vipele, ingetosha kuacha kusuka kwa kuvuta. Maneno hayo nimewarudia wasichana wengi wa Mwanza, na wachache wamenisikiliza.

Nikamuuliza kuhusu upasuaji. Akasema unawezekana, lakini si kwa kila mtu. Wako ambao kovu lao bado linatambaa, au mwili wao unapigana na nywele zao wenyewe, na hao ukiwapandikizia leo, kesho zimekufa tena. Mimi kwanza alinitaka nikae mwaka mzima bila rasta, bila wiving, bila gundi, ili waone kama paji limetulia. Nikakaa. Nilifanya kazi mapokezi nikiwa na kilemba, na nilikifunga vizuri hivi kwamba meneja aliwaambia wenzangu waige.

Daktari mpasuaji alinipa njia mbili. Ya kwanza inafanana na fundi anayepunguza shuka. Anakata mkanda mwembamba wa ngozi yenye nywele kisogoni, anashona pande mbili zikutane, na ule mkanda wasaidizi wanauchambua chini ya darubini, kishina kimoja kimoja, kisha wanavipandikiza mbele. Inabaki alama ya mstari kutoka sikio hadi sikio, na nywele zikiota zinaifunika. Njia ya pili hakuna mkanda. Kuna kisindano chenye tundu kinachozunguka, kinachomoa vishina kimoja kimoja kisogoni kote, na kila kinapotoka panabaki kitone. Kwa nywele zetu za kujikunja njia hii inataka mkono mzuri, kwa maana mzizi nao umejikunja chini ya ngozi kama ndoano, na daktari asiyejua hilo anaukata katikati. Nilimuuliza amewafanyia watu weusi wangapi. Akatabasamu, akaniambia yeye mwenyewe ni nani kama si mtu mweusi. Nikachagua njia ya pili, kwa kuwa nilitaka siku moja niweze kukata nywele fupi bila kuwa na mstari kama wa mpira wa miguu ulioshonwa.

Kabla ya yote alijaribu sehemu ndogo nyuma ya sikio, tukasubiri miezi kadhaa kuona kama nina ngozi ya makovu yanayovimba kupita jeraha lenyewe. Mdogo wangu wa kike anayo. Alitoboa masikio na kila tundu likaota kama punje ya hindi. Mimi ngozi yangu ilipona bapa.

Siku yenyewe nililala kifudifudi tangu asubuhi, uso ndani ya tundu la kitanda. Kisogo chote walikinyoa. Sindano za ganzi ndizo zilizouma, mengine yote niliyasikia kama mtu anayesikia fundi akifanya kazi nyumba ya jirani. Mchana nilikula, nikageuzwa, wakaanza kupanda mbele. Nilikuwa na uvimbe wa paji uliofika machoni, nikalala nimekaa, nikajimwagia maji ya chumvi kama nilivyoelekezwa. Wiki chache baadaye nywele zote nilizopandikizwa zikadondoka. Walikuwa wameniambia zitadondoka, kwamba kinachoshika ni mzizi na jani litaota upya, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuziona kwenye mto ni kingine.

Kwa hiyo nilirudi Mwanza moja kwa moja na akiba yangu, diploma yangu, na paji tupu lililofungwa kilemba. Nikasimamia umaliziaji wa nyumba ya wageni. Mafundi waliozoea kumdanganya mwanamke kuhusu saruji walijuta. Nilipofungua, vyumba vilianza kujaa wiki ileile, kwa kuwa abiria wa mabasi ya alfajiri wanajua shuka safi wakiiona.

Mtu pekee niliyemwambia kuhusu nywele alikuwa mama. Nilikwenda kumsalimu wakati nywele za kwanza zilikuwa zimeanza kuchomoza, nikavua kilemba, nikashika mkono wake nikauweka pajini. Alipapasa muda mrefu.

"Wamezitoa wapi?"

"Kisogoni, mama. Wamezing'oa huku wakazipanda huku."

"Aah. Kisogo ndiyo kitalu, paji ndiyo jaruba." Akacheka. Alikuwa amepandikiza mpunga maisha yake yote, ameinama kwenye maji na miche mkononi. "Na wewe ulivyokuwa mvivu wa kupandikiza! Umesubiri mpaka ukapandikizwa."

Nilimwomba asimwambie mtu. Akasema yeye si redio. Haukupita muda presha ikampanda, akatutoka akiwa njiani kupelekwa hospitali.

Mama tulimzika vizuri. Jeneza nilinunua mimi, mahema niliyaleta mimi kutoka mjini, na wali haukupungua hata siku moja. Padri alisali na watu wakajaa hadi barabarani. Ilibaki siku ya kumaliza matanga, na siku hiyo kwetu watoto wa marehemu wananyolewa. Siku hizi familia nyingi wanakata kishungi kidogo tu ili kutimiza, na padri hana tatizo na lolote kati ya hayo. Lakini kwenye mji wa Shangazi ni kichwa kizima, na anaanza mzaliwa wa kwanza. Aliyemtangulia akiwa hajanyolewa, mdogo hawezi kunyolewa, na asiyenyolewa haondoki pale uani kurudi kwenye kazi zake. Mzaliwa wa kwanza ni mimi.

Usidhani sikulifikiria. Nywele zangu za mbele zilikuwa na urefu wa ukucha, na zilikuwa zimenigharimu zaidi ya fedha. Mdogo wangu wa kike, asiyejua chochote, aliniona nakishikashika kilemba changu, akamwambia Shangazi, "Shangazi, si tukate kishungi tu? Dada ana wageni mjini, atapokeaje watu na kipara?"

"Mama yenu nilimnyoa mimi msiba wa bibi yenu mzaa mama," Shangazi akasema. "Hakuniuliza habari za kishungi. Kama huyu mkubwa hataki, aseme hataki, na nyie wengine mkae hapa mpaka mvua zije."

Nikasema nataka. Sikusema kwa unyonge. Nilijua jambo ambalo wao hawakulijua, kwamba wembe unakata jani, hauufikii mzizi. Hofu yangu ilikuwa mkato kwenye ngozi ile ngeni, basi. Nilikuwa nimebeba kutoka mjini pakiti ya nyembe mpya ili kila mtu awe na wake, spiriti, pamba, na mashine ya kunyolea iliyojaa chaji. Nilidhani Shangazi ataanza mbele, nami nitamwomba hapo atumie mashine. Nikaketi mkekani, ungo ukawekwa chini ya kidevu changu kupokea nywele, nikavua kilemba na kuinamisha kichwa.

Alianza nyuma.

Alipitisha wembe mara mbili, tatu, kutoka shingoni kwenda juu. Kisha mkono ukasimama. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio.

"Nani kakuchanja?"

"Hajanichanja mtu, Shangazi. Ni hospitali."

"Hospitali gani inachanja watu chale kichwani?"

Wifi yangu, mke wa yule mdogo wangu mwenye upara, aliacha sufuria jikoni akaja kutazama. Ni mtu wa masihara, na siku zote ananitania. "Hebu nione wifi. Eeh! Waganga wa huku wanachanja mbili tatu, wanapaka dawa, basi. Huyu mbona kama kapigwa na mvua ya mawe?" Mtu mmoja akacheka akajiziba mdomo. Wifi akatazama tena, akagusa, na safari hii hakutania. "Ndiyo maana vyumba havikai wazi," akasema.

Kwa mtu wa kwingine nieleze. Kwetu mtu akitaka mali kwa njia ya mkato anakwenda kwa mganga, anachanjwa chale, na inaaminika kwamba mganga wa aina hiyo hataki mbuzi wala kuku. Anataka damu ya nyumbani. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka mbali, nimejenga, vyumba vimejaa, na mama amekufa ghafla mwaka huohuo. Sasa kisogo changu kimejaa alama. Hakuna aliyehitaji kumalizia sentensi. Shangazi aliuweka wembe juu ya ungo, na kuuweka wembe chini kabla ya kichwa kuisha ni jambo baya kwetu. Maana yake ni kwamba mimi si mtoto wa kumnyolea mama, na kama mimi siyo, hakuna atakayefuata.

"Dada," mdogo wangu wa kike akasema. "Sema kitu."

Nikasema. Niliwaeleza habari za rasta na mzizi uliokufa, na kisindano kinachozunguka. Nikatoa simu, nikawaonyesha picha niliyopigwa jioni ya upasuaji, kichwa kimefungwa bandeji, uso umevimba.

Wifi akaitazama. "Kufunga bandeji hata mganga anaweza, wifi. Sisi tutajuaje?"

Na kusema kweli alikuwa na hoja. Picha ilionyesha jeraha, haikuonyesha sababu. Mtu mwingine angelia. Mimi nimesimama mapokezi miaka mingi mbele ya wageni wanaodai chumba ambacho hawakukilipia, na najua kwamba ukitaka mtu akubali, mwache aseme yeye mwenyewe.

"Shangazi," nikasema, bado nimeinama. "Likizo ile nilipokuja, nikakusalimia hapa hapa uani. Uliniitaje?"

"Nilikuitaje?"

"Mbele ya watu. Wamo humu waliocheka."

Akafikiri. "Nilikuita mzee wa kanisa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu paji lako lilikuwa limefika..." Akaweka kidole juu ya sikio langu kama siku ile, akakipandisha. Hakikufika mbali. Kidole kilikutana na nywele pale ambapo siku ile palikuwa ngozi tupu, kikarudi, kikapita tena polepole. Akanigeuza uso kwenye mwanga. Akapapasa upande wa pili.

"Hapa palikuwa pakavu," akasema kwa wengine. "Mimi mwenyewe niliona. Palikuwa pakavu kama kiganja."

"Zilizopo hapo ndizo zilizotoka kwenye hivyo vitone," nikasema. "Mama aliziona. Alisema kisogo ni kitalu, paji ni jaruba."

Mdogo wangu wa kike akapiga kelele ndogo, kicheko na kilio pamoja. "Mama aliniambia! Alisema, dada yako kapanda mpunga kichwani. Nikajua anatania tu!"

Kumbe mama alikuwa redio. Sijawahi kufurahi hivyo kwa siri kutoboka.

Baada ya hapo maswali yakawa ya aina nyingine, maswali ya watu wa mpunga. Shangazi alitaka kujua kama kitalu hakikubaki kitupu. Nikamwambia daktari anang'oa kwa kuruka, anachukua kimoja anaacha vingine, ndiyo maana vitone vimetawanyika. Akauliza kama vyote vilishika. Nikasema karibu vyote, ila mwanzoni majani yalinyauka yakaanguka, kisha yakaota upya. "Ndivyo," akasema, "mche ukihamishwa lazima ugeuke njano kwanza." Wanawake wakasogea mmoja mmoja kunipapasa paji, na mmoja akauliza kama miche hiyo inaweza kutoka kichwa cha mtu mwingine, kwa mfano cha mumewe asiye na kazi nacho. Nikasema hapana, mwili hukataa nywele za mtu mwingine. Wifi ndiye aliyegusa mwisho. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Haya, kumbe ni kilimo," akarudi jikoni kuangalia sufuria yake.

Shangazi akauchukua wembe kutoka kwenye ungo, akaufuta. "Sasa hii miche nikiinyoa itakufa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua, na sasa walikuwa upande wangu. Wangeniruhusu kubaki na ukanda wa mbele kama jogoo. Lakini mama alikuwa amenyolewa kwa ajili ya mama yake, kichwa kizima, na mimi sikujenga jina langu kwa kufanya vitu nusu.

"Haitakufa. Mzizi uko chini, wembe hauufikii. Ila huko mbele tumia mashine, ngozi ile isikatwe."

Akamaliza nyuma kwa wembe. Mbele akatumia mashine, mara ya kwanza katika maisha yake, akaishika kama anashika kambale, na wadogo zangu wakasahau kulia wakawa wanamwelekeza. Niliona zile nywele fupi zikianguka kwenye ungo juu ya zile ndefu za utosini. Zilikuwa chache, nami nilizitambua. Kisha nikanyanyuka, kichwa chepesi kikipigwa na upepo wa ziwa, na mdogo wangu wa kiume akaketi mahali pangu. Shangazi akakitazama kipara chake kutoka kila upande. "Na huyu nimnyoe nini?" akasema. "Mwambie dada yako akupandie." Akamnyoa kidogo alichokuwa nacho juu ya masikio, akamaliza.

Nilirudi Nyegezi na kipara changu, nikasimama mapokezi bila kilemba. Wageni waliojua mila walinipa pole, wasiojua hawakuuliza. Nywele ziliota upya kisogoni na mbele kwa mwendo mmoja, kama daktari alivyosema, na mwaka ulipoisha nilikuwa na ukingo wa nywele ambao sijawahi kuwa nao tangu niende Johannesburg. Vitone huvioni, labda uvitafute. Sisuki kwa kuvuta tena, na wasichana wangu wa usafi nimewapiga marufuku kuja kazini na rasta zinazowapandisha nyusi. Wifi alikuja mjini akajifanya amepita tu, kisha akavua kitambaa chumbani kwangu akanionyesha paji lake. Lake bado lina malaika, mzizi uko hai. Nikamwambia hahitaji upasuaji, aende kwa daktari wa ngozi wa hapa Mwanza, na afumue zile rasta leo. Alifumua kesho yake.

Sasa daraja limefunguliwa na hakuna tena kupanga foleni ya kivuko, kwa hiyo Shangazi hupita kwangu kila akija mjini kwa miadi yake ya macho. Nampa chumba cha chini, kile chenye bafu pana, na halipi. Akiingia mapokezi napiga magoti mbele ya wageni wote, chini ya diploma yangu.

"Shikamoo, Shangazi."

Haitikii. Kwanza anaweka kidole juu ya sikio langu, anakipandisha mpaka kinapokutana na nywele, anakipitisha pembezoni mwa paji zima hadi sikio la pili bila haraka, kama mtu anayekagua jaruba la jirani.

"Marahaba," ndipo anasema.